Homa ya Bonde la Ufa na somo la kushirikiana data za utafiti

MWISHONI mwa mwaka 2006, mvua za vuli zilinyesha katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida. Nyanda kavu za kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia ziligeuka maziwa. Kabla ya mwaka huo kumalizika, watu walianza kufa katika eneo la Garissa kwa homa kali iliyoambatana na kutokwa damu. Desemba mwaka huo maabara zilithibitisha kuwa ugonjwa huo ulikuwa Homa ya Bonde la Ufa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hadi Machi 12, 2007, Kenya ilikuwa imeorodhesha wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Somalia iliorodhesha wagonjwa 114 na vifo 51. Ugonjwa ukavuka mpaka na kuingia Tanzania, ambako kati ya Januari na Mei 2007 waliugua watu 264 na kufariki 109.

Wakazi wa mijini waliokuwapo wakati ule wanakumbuka jinsi bucha zilivyodorora. Walaji wengi waliiogopa nyama ya ng'ombe na mbuzi, wakakimbilia kuku na samaki. Kwa wafugaji hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walikufa na minada ikasimama. Nchini Kenya pekee, watafiti wa uchumi walikadiria hasara kuwa zaidi ya Sh2.1 bilioni za nchi hiyo.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati ule ni kwamba mlipuko huo ulikuwa umetabiriwa. Wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, kundi la wanasayansi lilikuwa limeshachora ramani ya maeneo yatakayokumbwa. Ramani hiyo ilitokana na vipimo vya joto la bahari, mvua, uoto, mbu na mifugo, ambavyo vilikusanywa na watu wa fani tofauti, kwa miaka tofauti na kwa malengo tofauti.

Makala haya yanaeleza jinsi utabiri huo ulivyowezekana, mahali ulipokwama, na kwa nini suala la kushirikiana data za utafiti linamhusu hata mwananchi ambaye hajawahi kukanyaga maabara.

Kirusi kinachosubiri mvua

Homa ya Bonde la Ufa ina asili ya kuelezwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1930 kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, walianza kufa kwa wingi pamoja na wana wao. Watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichunguza ugonjwa huo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1931.

Ugonjwa huo huwashambulia kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Dalili yake kubwa ni mifugo wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja na ndama au wanakondoo kufa siku chache baada ya kuzaliwa. Binadamu huambukizwa hasa anapogusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa, iwe wakati wa kuchinja, kuchuna ngozi au kumsaidia mnyama kuzaa. Wengine huambukizwa kwa kuumwa na mbu. Hadi leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa ajili ya watu wote.

Kilichowasumbua wataalamu kwa miongo kadhaa ni tabia ya ugonjwa huo kutoweka kabisa kwa miaka mingi, kisha kulipuka ghafla katika eneo kubwa. Swali likawa: kati ya mlipuko mmoja na mwingine, kirusi hujificha wapi?

Jibu lilitoka kwa wataalamu wa wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti nchini Kenya walikusanya viluwiluwi vya mbu kutoka katika mabonde yaliyofurika maji, wakavilea maabara hadi vikawa mbu kamili. Mbu hao, wa jamii iitwayo Aedes, walikutwa na kirusi ilhali hawakuwahi kumuuma mnyama yeyote. Hata madume, ambao hawafyonzi damu, walikuwa nacho. Maana yake ni kwamba mbu jike hurithisha kirusi kupitia mayai yake.

Mayai hayo hutagwa kwenye udongo wa mabonde yanayotuamisha maji. Yanaweza kukaa katika udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri. Mvua kubwa ikinyesha na mabonde yakafurika kwa muda wa kutosha, mayai huanguliwa kwa pamoja, na mbu wenye kirusi huruka kuwafuata mifugo. Baadaye mbu wa aina nyingine hupokea kirusi kutoka kwa mifugo hao na kukisambaza zaidi.

Fani tano, fumbo moja

Mara baada ya siri ya mayai kufichuka, ilidhihirika kwamba anayetaka kuujua ugonjwa huu hana budi kuijua mvua. Lakini daktari wa mifugo hapimi mvua, na mtaalamu wa hali ya hewa hahesabu mimba za kondoo zilizotupwa.

Mwaka 1985 watafiti Davies, Linthicum na James walizikutanisha kumbukumbu hizo mbili. Walichukua rekodi za mvua za Kenya za kati ya mwaka 1950 na 1982, wakaziweka sambamba na rekodi za milipuko ya ugonjwa kwa mifugo. Milipuko ilionekana kufuata vipindi vya mvua nyingi zilizoenea na kudumu. Watumishi waliokuwa wakisoma vipimo vya mvua katika vituo vya wilayani miaka ya 1950 hawakuwaza kamwe kwamba tarakimu zao zingekuja kueleza ugonjwa wa kondoo.

Kipande kingine cha fumbo kilitoka angani. Satelaiti za Mamlaka ya Bahari na Anga ya Marekani (NOAA) zilirushwa kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa, kutazama mawingu na kupima joto la uso wa bahari. Hata hivyo, wataalamu walibaini kwamba vifaa vilivyomo ndani yake vinaweza pia kupima ukijani wa nchi kavu, kwa sababu jani hai hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi ule usioonekana kwa macho. Kuanzia mwaka 1981 pakawa na kumbukumbu endelevu ya uoto wa dunia nzima, ikiwamo nyanda za Garissa na Manyara.

Kipande cha mwisho kilitoka baharini. Mvua kubwa za Afrika Mashariki mara nyingi huja pale maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, hali ijulikanayo kama El Nino, na hasa pale sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi nayo inapopata joto kwa wakati huo huo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mwaka wa mvua za El Nino ambazo hazijasahaulika, uliofuatiwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo hadi mwaka 1998.

Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuunganisha vipande vyote hivyo. Walionyesha kuwa milipuko yote iliyojulikana Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1950 hadi Mei 1998 ilitanguliwa na mvua zisizo za kawaida, na kwamba kwa kutumia joto la bahari pamoja na ukijani wa nchi, mlipuko ungeweza kutabiriwa hadi miezi mitano kabla.

Inafaa kutazama ni kitu gani kiliwezesha kazi hiyo. Fedha na akili vilihitajika, lakini zaidi ya hapo, data za bahari, za uoto, za mvua na za mifugo ziliweza kufikiwa na mtu ambaye hakuzikusanya. Laiti kila fani ingeyafungia makabati yake, jambo hilo lisingewezekana.

Ramani ilipotimia

Mtihani ulikuja mwaka 2006. Kuanzia katikati ya mwaka huo, joto la Pasifiki na la magharibi mwa Bahari ya Hindi lilianza kupanda. Wataalamu hao walifuatilia mvua na uoto, wakatoa ramani za hatari na tahadhari. Novemba 2006, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) nalo lilitoa tahadhari kwa nchi za Pembe ya Afrika.

Ugonjwa ulifuata njia iliyochorwa, ukaanza kusini mwa Somalia, ukaenea Kenya, kisha ukafika kaskazini mwa Tanzania. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2009, watafiti walieleza kuwa tahadhari ilitangulia ugonjwa kwa wiki mbili hadi sita, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mlipuko wa ugonjwa huo kutabiriwa kabla haujatokea.

Mnyororo ulikatikia wapi?

Pamoja na mafanikio hayo, ukweli unabaki kuwa mamia ya watu walifariki. Tahadhari ilikuwapo, lakini kati ya ramani ya satelaiti na mfugaji aliyekuwa akichinja mbuzi mgonjwa kulikuwa na mnyororo mrefu wenye pete zilizokatika.

Utafiti uliofanywa baadaye miongoni mwa wafugaji wa Kenya na Tanzania ulionyesha kuwa wafugaji wenyewe walikuwa wameziona dalili mapema. Wafugaji wa Kisomali wanaufahamu ugonjwa huo kwa jina la sandik, yaani kutokwa damu puani. Walikumbuka mvua kubwa, makundi ya mbu yaliyojitokeza wiki chache baadaye, kisha mifugo kutupa mimba, na baada ya hapo ndipo watu wakaanza kuugua. Kila hatua ilitanguliwa na wiki mbili au tatu za kujiandaa, lakini huduma za mifugo na za afya ziliwafikia zikiwa zimechelewa.

Kwa maneno mengine, satelaiti ilijua, mfugaji alijua, ila taarifa zao hazikukutana. Taarifa za mifugo zilikuwa za wizara moja, taarifa za wagonjwa za wizara nyingine, na taarifa za mvua za taasisi ya tatu. Mimba za mbuzi zilizotupwa zilipaswa kuwa kengele ya kuwaamsha waganga wa wilaya, lakini katika maeneo mengi kengele iliyosikika kwanza ilikuwa vifo vya watu.

Somo hilo halikupotea. Katika miaka iliyofuata Kenya iliunda kitengo kinachowaunganisha wataalamu wa afya na wa mifugo kwa ajili ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na Tanzania ikaweka dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu.

Bei ya kufunga mlango

Gharama ya kufungia data huonekana vizuri zaidi pale mlango unapofunguliwa. Satelaiti za Landsat za Marekani zimeipiga picha nchi kavu ya dunia tangu mwaka 1972. Kwa miaka mingi picha hizo ziliuzwa. Katika miaka ya 1980 bei ya picha moja ilifika zaidi ya dola 4,000, na hata iliposhushwa baadaye ilibaki karibu dola 600. Mtafiti wa chuo cha Afrika aliyetaka kufuatilia msitu mmoja kwa miaka 20 alilazimika kuhesabu fedha kabla ya kuhesabu miti.

Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamua kuzitoa picha zote bure kupitia intaneti. Matumizi yaliyokuwa ya makumi ya picha kwa siku yakapanda hadi mamilioni kwa mwaka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walitoa ramani ya mabadiliko ya misitu ya dunia nzima iliyotokana na picha zaidi ya 650,000. Kwa bei ya zamani ya dola 600, picha hizo pekee zingegharimu zaidi ya dola milioni 390. Ni wazi kuwa ramani hiyo isingechorwa.

Kwa upande wa matokeo ya utafiti, mfano wa Liberia unaumiza. Ebola ilipoivamia Afrika Magharibi mwaka 2014, wengi waliamini kuwa ugonjwa huo haukuwahi kuwapo huko. Mwaka 2015 viongozi wa afya wa Liberia walieleza hadharani kuwa makala iliyochapishwa katika jarida la Ulaya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuonya kwamba Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye kirusi hicho. Onyo hilo lilitokana na damu ya Waliberia, lakini hakuna mwanasayansi wa Liberia aliyeshirikishwa katika uandishi. Kuisoma makala ya aina hiyo kwenye mtandao kuligharimu dola 45, kiasi cha nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa nchi hiyo.

Kinyume chake kilionekana Januari 2020, wakati mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha corona ulipowekwa wazi na wanasayansi wa China na mwenzao wa Australia. Machi 16 mwaka huo, majaribio ya kwanza ya chanjo kwa binadamu yalikuwa yameshaanza nchini Marekani, na watengenezaji hawakuwa na haja ya kusubiri sampuli ya kirusi chenyewe.

Hofu zenye msingi

Pamoja na faida hizo, haitakuwa haki kumlaumu kila anayesita kutoa data zake. Zipo hofu ambazo zina msingi.

Hofu ya kwanza ni ya kunyonywa. Mwaka 2007 Indonesia ilisitisha kupeleka nje sampuli za virusi vya mafua ya ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi inatoa virusi bure, kampuni za nchi tajiri zinatengeneza chanjo, kisha nchi ile ile inauziwa chanjo hiyo kwa bei isiyoiweza. Hoja hiyo ilizaa mfumo wa WHO wa mwaka 2011, unaotaka wanaonufaika na virusi vya mafua nao watoe sehemu ya faida. Mkataba wa magonjwa ya mlipuko uliopitishwa na nchi wanachama Mei 2025 uliliacha suala hilo la mgawanyo likahitaji mazungumzo zaidi, jambo linaloonyesha uzito wake.

Hofu ya pili ni ya kuadhibiwa kwa kusema kweli. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha corona iliyopewa jina la Omicron. Ndani ya siku chache, nchi nyingi zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Aliyetoa taarifa alipata hasara, na funzo waliloweza kulipata wengine ni kukaa kimya.

Hofu ya tatu ni ya siri za watu. Rekodi ya mgonjwa au ya vinasaba vyake haiwezi kumwagwa hadharani kama picha ya msitu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania ikafuata mwaka 2022. Data za namna hiyo zinaweza kushirikishwa kwa watafiti waliokaguliwa, baada ya majina kuondolewa na kwa masharti yanayoeleweka.

Ipo pia hofu ya mtafiti kijana aliyekaa miaka mitatu porini akihesabu mbu. Anajua kwamba akitoa jedwali lake leo, mwenye kompyuta kubwa na muda mwingi anaweza kuchapisha kabla yake. Dawa ya hofu hiyo ni kuihesabu data yenyewe kuwa kazi ya kitaaluma, itajwe kwa jina la aliyeikusanya kila inapotumika, na impatie heshima anapoomba cheo au ufadhili.

Data wazi ni ipi?

Wapo wanaodhani kuwa kutoa data ni kupakia faili kwenye tovuti na kuondoka. Faili lenye safu iliyoandikwa "joto" bila kusema ni joto la hewa, la maji au la mgonjwa, halimsaidii yeyote. Tarehe zisizo na mwaka, majina ya vijiji yaliyoandikwa kwa tahajia tatu tofauti, na mipaka ya wilaya iliyobadilika bila maelezo, vyote huigeuza hazina kuwa takataka.

Ndiyo maana mwaka 2016 kundi la wataalamu lilichapisha kanuni nne zinazokubalika sasa katika fani nyingi: data zipatikane kwa urahisi zinapotafutwa, zifikike kwa utaratibu unaojulikana, ziweze kuoanishwa na data nyingine, na ziwe na maelezo yanayotosha kutumiwa tena na mtu mwingine. Kanuni ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inamtaka mtaalamu wa mbu aandike kwa namna ambayo mtaalamu wa bahari atamwelewa.

Novemba 2021 nchi wanachama wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (Unesco) zilipitisha pendekezo kuhusu sayansi huria. Pendekezo halina nguvu ya sheria, lakini linawapa wananchi msingi wa kuuliza maswali.

Nini kifanyike?

Jambo la kwanza ni kukubaliana kwamba utafiti uliolipiwa na kodi za wananchi, au uliofanywa kwa damu, mifugo na mashamba yao, una wajibu wa kurudi kwao. Taasisi inayotoa fedha za utafiti iseme mapema, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, data zitahifadhiwa wapi, kwa masharti gani, na zitawafikia lini wengine.

Pili, vyuo na taasisi ziwekeze katika watunzaji wa data, watu ambao kazi yao ni kuzisafisha, kuzieleza na kuzihifadhi. Bila wao, jedwali la mtafiti aliyestaafu hufa pamoja na kompyuta yake.

Tatu, rekodi za zamani zilizomo katika mafaili ya karatasi ziingizwe kwenye kompyuta kabla mchwa na unyevu havijazimaliza. Rekodi za mvua za miaka ya 1950 zilikuja kueleza mlipuko wa ugonjwa miongo mitatu baadaye, na hakuna ajuaye ni fumbo gani la kesho litakalohitaji daftari la leo.

Nne, mlango ufunguliwe kwa pande zote. Nchi inayotoa data ya mbu wake ipate nafasi katika utafiti unaofuata, mafunzo kwa vijana wake, na chanjo kwa bei inayolipika. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nao ushirikiano ambao upande mmoja hutoa tu na upande mwingine hupokea tu haudumu.

Mayai ya mbu yangali yamelala kwenye udongo wa mabonde yetu, na Bahari ya Hindi itapata joto tena. Mvua kubwa ijayo itakaponyesha, mganga wa wilaya, daktari wa mifugo na mtabiri wa hali ya hewa watapaswa kuwa wanatazama ramani moja. Maandalizi ya ramani hiyo hufanywa sasa, wakati wa ukame, kwa kila fani kufungua kabati lake.